Siku ya Kuhesabu Ndege Ziwani Naivasha

Mtu akiniuliza kwa nini ndege wa maji huhesabiwa Januari, jibu langu huanzia mbali na hapa. Januari, maziwa na vinamasi vya Siberia, Finland na Kazakhstan vimefunikwa na barafu. Bata anayeishi kwa kuchuja vijidudu majini hana pa kutia mdomo. Kwa hiyo alishaondoka zamani, na kufikia katikati ya Januari ametulia mahali alipochagua kupitishia majira ya baridi. Huko kutulia ndiko tunakokutaka. Ndege aliye safarini utamhesabu leo Naivasha, kesho mwenzako amhesabu Nakuru, na ndege mmoja awe wawili kwenye karatasi.

Hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji ilianza mwaka 1967, na leo inaratibiwa na shirika la Wetlands International katika nchi zaidi ya mia moja. Hapa Kenya, maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakihesabiwa kwa utaratibu tangu mwaka 1991, kazi iliyobebwa na Makavazi ya Kitaifa, Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), na Nature Kenya, chama ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1909. Lakini ukifika ufuoni asubuhi ya siku yenyewe, wengi utakaowakuta si wanasayansi. Ni waongoza watalii, wanafunzi wa vyuo, manahodha wa boti, wazee waliostaafu, na walimu kama mimi. Nafundisha jiografia katika shule ya upili hapa Naivasha. Nilijiunga na hesabu nikitafuta mifano ya kutumia darasani. Nimebaki kwa sababu nyingine kabisa.

Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Januari jua la mchana linachoma, lakini saa kumi na mbili asubuhi baridi ni ya kukufanya ufunge shati hadi kifungo cha shingoni, na chuma cha darubini hakishikiki. Tunaanza mapema kwa sababu ya upepo. Ikishapita adhuhuri upepo huinuka, ziwa huchafuka, na ndege aliyekaa juu ya maji huonekana na kupotea kati ya wimbi na wimbi. Saa sita na nusu hivi kazi iwe imeisha. Sababu ya pili ya kuwa waangalifu asubuhi hiyo ni viboko. Usiku wako nchi kavu wakila nyasi, alfajiri wanarudi majini, na mtu aliyesimama katikati ya kiboko na maji yuko hatarini kweli. Ndiyo maana kila kikosi cha miguu huwa na askari wa wanyamapori, na askari akisema tungoje, tunangoja, hata kama kundi la bata tulilokuwa tukilihesabu linaondoka.

Kikosi chetu mwaka ninaousimulia kilikuwa na nahodha wa boti, kiongozi mwenye uzoefu wa miaka mingi, msichana wa chuo kikuu aliyepewa kuandika, askari, na mimi. Tulipewa kipande cha ufuo wa kusini, kuanzia karibu na Karagita kuelekea magharibi. Sehemu tulikwenda kwa boti, sehemu kwa miguu. Teleskopu ilitumika nchi kavu tu, maana ndani ya boti kila wimbi linaitikisa na unachokiona ni ukungu wenye mabawa.

Utaratibu wenyewe ni mwepisi kuueleza. Mmoja anatazama na kutaja, mmoja anaandika. Anayeandika hurudia kwa sauti alichosikia kabla ya kukiandika. "Mnandi mkia mrefu, kumi na nne." "Kumi na nne, mnandi mkia mrefu." Inachosha, na saa ya tatu inaanza kuonekana kama mchezo wa watoto. Lakini kumi na nne na arobaini na nne, zikitamkwa dhidi ya upepo na injini ya boti, zinakaribiana sana. Penseli hutumika badala ya kalamu, kwa kuwa tone moja la maji linatosha kufuta wino wa saa nzima.

Ndege wachache unawahesabu mmoja mmoja. Mwari saba juu ya kisiwa cha mafunjo ni saba, hakuna ubishi. Kazi ni makundi. Hapo unajifunza kuhesabu kumi kumi: unawahesabu kumi wa kwanza kwa kweli, mmoja mmoja, unaliweka jichoni umbo la kundi hilo la kumi, nafasi linayochukua majini, kisha unalipitisha juu ya waliobaki. Kundi likiwa kubwa zaidi unafanya hivyo kwa mia. Wanaoanza, karibu wote, huhesabu pungufu makundi makubwa, kwa kuwa jicho huona waliotawanyika pembeni na kuwasahau waliosongamana katikati. Kiongozi wetu ana njia yake ya kufundisha: kabla ya kutoka asubuhi anamwaga dengu kiasi juu ya meza, anazifunika baada ya muda mfupi sana, na kila mtu anaandika idadi yake bila kumwangalia mwenzake. Halafu tunazihesabu zote. Anarudia mpaka makadirio yetu yanaanza kusogea karibu na ukweli. Hajawahi kumcheka mtu katika zoezi hilo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu watu hurudi kwenye kikosi chake.

Kuna kanuni nyingine niliyoiona ya ajabu mwanzoni. Ukiwa unasonga upande mmoja wa ufuo, ndege anayeruka kutoka mbele na kukupita kwenda nyuma, unamhesabu. Anayeruka kutoka nyuma na kukutangulia, humhesabu, kwa kuwa ama ulishamhesabu, ama utamkuta mbele. Na kundi kubwa likipita angani, unaandika saa, dakika, na upande lilikoelekea. Faida ya dakika hizo huonekana jioni.

Ndege aliyenibadilisha kwenye kazi hii ni kukuziwa. Watalii hawampigi picha. Ni mweusi wote, mdomo na paji la uso vyeupe, na juu ya paji hilo vinundu viwili vyekundu vinavyovimba wakati wa kuzaliana. Ukimwona karibu, akiwa amepanda kwenye gogo, utagundua vidole vyake vina vipande vya ngozi pembeni, vinavyotanuka akisukuma maji na kujikunja akirudisha mguu mbele. Anapiga mbizi, anaibuka na jani la mmea wa majini, na mara nyingi jirani yake anamnyang'anya. Kwa muda mrefu amekuwa miongoni mwa ndege wa maji walio wengi zaidi Naivasha. Mgeni kwenye kikosi huanza kwa kumtafuta ndege adimu na kumwona kukuziwa kama mzigo wa kumalizia.

Asubuhi hiyo, ng'ambo kidogo ya migunga iliyokufa majini, tulikuta wametanda eneo kubwa, weusi juu ya maji ya kijivu, mamia kwa mamia. Nahodha akazima injini. Kiongozi akaanza upande wa kushoto, nami nikaanza kushoto vilevile, kila mtu na kihesabio chake mkononi, bila kuambiana. Nilikuwa nimefika katikati hivi nilipoona kundi lote linatikisika na kuanza kukaza. Waliokuwa wametawanyika wakakimbia juu ya maji kuelekea wenzao, mabawa yakipiga maji, na kwa muda mfupi lile eneo pana likawa doa moja jeusi lililobanana. Nikainua macho: furukombe, yule tai mla samaki, alikuwa anapita juu yao polepole, kichwa cheupe kimeinama. Alikuwa na njaa au alikuwa anapita tu, sijui, lakini kukuziwa hawakungoja kujua. Alipita mara mbili, akaenda kutua kwenye mti mkavu, akapaza ile sauti yake inayosikika ziwa zima.

"Mwalimu, tuanze upya," kiongozi akaniambia. Kundi lililokaza haliwezi kuendelezwa kutoka pale ulipoachia. Tukangoja walegee, tukaanza tena kushoto. Furukombe akarudi. Tukaanza mara ya tatu. Msichana aliyekuwa akiandika alikuwa amekunja mikono ndani ya sweta, akatuuliza kwa heshima kama hatuwezi kuandika tu makadirio na kuendelea, kwa kuwa ni kukuziwa tu. Kiongozi akamjibu kwa upole: "Mwanangu, hao ndio wanaotuambia habari za chini ya maji."

Na ni kweli. Mwaka 1970 aliletwa Naivasha kamba wa maji baridi ambaye asili yake ni Louisiana, Marekani, kwa ajili ya uvuvi. Kamba huyo hula karibu kila kitu, na hasa mimea inayoota chini ya maji. Kamba walipoongezeka mno, mimea hiyo ilitoweka sehemu kubwa za ziwa. Kamba wakapungua kwa kukosa chakula, mimea ikarudi, kisha mambo yakajirudia. Kukuziwa anaishi kwa mimea hiyohiyo. Mimea ikipotea huhama au hupungua, ikirudi hurudi kwa wingi. Ziwa lenyewe halina dirisha la kuchungulia. Unaweza kukaa ufuoni Karagita maisha yako yote usijue kama chini ya maji kuna shamba au jangwa. Ila kukuziwa wakihesabiwa kwa uangalifu, Januari baada ya Januari, wanakuonyesha. Tangu nilipoelewa hilo sijawahi kuwaharakisha.

Mara ya tatu furukombe alitulia mtini. Nilipomaliza, namba yangu na ya kiongozi zilikuwa zimeachana kwa kiasi kidogo. Tukaandika ya kati, na pembeni tukaandika kwamba ni makadirio ya watu wawili.

Nimwongezee furukombe maneno mawili. Manahodha wengi hapa huwarushia samaki ili watalii wapate picha ya ndege akiteremka na kunyakua. Ndege wanajifunza. Siku ya hesabu, furukombe wawili walitufuata mti kwa mti, wakingoja tulichokuwa hatuna, na kila walipotufuata waliwainua bata na kukuziwa mbele yetu. Nawaelewa manahodha, kwa kuwa samaki huyo mmoja ndiye huleta bahashishi. Lakini ningependa siku hiyo moja ya mwaka, na ikiwezekana siku mbili kabla yake, samaki asirushwe kabisa.

Wageni wa kaskazini tuliwakuta kwenye ghuba ndogo yenye maji mafu, penye matope na magugu maji. Walikuwa bata wenye mdomo mpana kama koleo, wakizunguka pamoja katika duara, kila mmoja ameinamisha mdomo nyuma ya mkia wa mwenzake. Kwa darubini, kutoka karibu, unaona pembeni mwa mdomo meno membamba mengi kama ya kichana. Maji yanaingia mbele, yanatoka pembeni, vijidudu vinabaki. Kuzunguka kwao kunakoroga maji, na kila mmoja anakula kilichotibuliwa na aliye mbele yake. Dume alikuwa ameanza kurudisha rangi zake: kichwa kijani, ubavu wa kahawia nyekundu. Machi ikianza kuishia watakuwa wameondoka kwenda kuzaa mahali ambapo barafu itakuwa inayeyuka.

Kando yao, kwenye matope, vitwitwi walikuwa wanakimbia na kudonoa, kimbia na donoa. Mdogo kuliko wote kati yao ana uzito wa gramu kati ya 20 na 30 hivi, na huzaliana kwenye tundra ya Aktiki. Nimewahi kumweka mwanafunzi darasani barua tatu mkononi ili ahisi uzito huo, kisha tukapima kwa uzi kwenye ramani umbali kutoka Naivasha hadi pwani ya kaskazini ya Siberia. Darasa lilinyamaza. Sijapata njia bora ya kufundisha majira ya dunia.

Si wote tuliowatambua. Ng'ambo ya ghuba, jua likiwa usoni mwetu, kulikuwa na bata ishirini na kitu ambao walikuwa vivuli tu. Tulizunguka, wakaruka kabla hatujafika. Mwanafunzi alikuwa na hakika yake, mimi nilikuwa na hakika yangu, na hazikufanana. Kiongozi hakuchagua upande. Akamwambia aandike "bata wasiotambuliwa" na idadi. Fomu ina mstari wa jambo hilo, nao hauna aibu yoyote. Mwongozo wa ndege una picha nzuri, na picha nzuri zinamvuta mtu kuona anachotaka kukiona. Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kuhusu mstari huo hata katika mambo yasiyohusu ndege.

Kuna pia sifuri. Kwenye orodha yetu kulikuwa na ndege waliokuwa wakionekana katika kipande hicho miaka ya nyuma, na siku hiyo hatukuwaona. Kishawishi ni kuacha nafasi wazi. Lakini nafasi wazi haisemi kitu: huenda mtu alisahau, huenda hakufika sehemu hiyo, huenda ukurasa ulidondoka. Sifuri inasema tulikwenda, tukatazama, hawakuwapo. Mtu atakayeisoma miaka ishirini ijayo anahitaji kujua tofauti hiyo.

Karibu na mahali pa kutia nanga tulimkuta mzee mmoja mvuvi akikunja nyavu. Tulimsalimia, akatuuliza kama bado tunahesabu kuku wa serikali. Kisha akaacha nyavu na kutueleza kwamba jioni ya jana korongo taji wawili, wakiwa na kifaranga, walikuwa pale penye nyasi fupi, akaonyesha kwa mkono. Korongo taji wa kijivu wako katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka tangu mwaka 2012, na kifaranga ni habari kubwa. Tulikwenda, tukatazama kila upande, tukakuta nyayo tu kwenye tope. Mzee ni mtu anayelijua ziwa kuliko sisi sote, na simtilii shaka hata kidogo. Hata hivyo korongo wake hawakuingia kwenye hesabu, kwa kuwa hesabu ni ya walioonekana na kikosi siku hiyo. Tuliandika maelezo yake kwenye safu ya maoni, pamoja na mahali na saa. Alisimama akaangalia tunavyoandika, akaomba tumsomee. Tukamsomea. "Sawa," akasema, "ndivyo nilivyosema."

Nilipoanza kuhesabu, ziwa lilikuwa limerudi nyuma sana kwa ukame wa 2009. Kati ya uzio wa mashamba na maji kulikuwa na uwanda mpana wa nyasi na tope, na vitwitwi walikuwa wengi. Muda mfupi baadaye maji yalianza kupanda, kama yalivyopanda Nakuru, Bogoria na Baringo, na kufikia mwaka 2020 mtaa wa Kihoto hapa mjini ulikuwa umeingiliwa na maji, watu wakihama na magodoro kichwani, baadhi yao wanafunzi wangu. Kingo za tope zilifunikwa. Migunga iliyokuwa ufuoni ilibaki imesimama majini hadi ikafa, na leo imejaa minandi na viota vyao. Oloiden, kiziwa cha pembeni kilichokuwa kimejitenga na maji yake kuwa ya magadi kiasi cha kuvuta flamingo, kiliungana tena na ziwa kuu, na flamingo wakakosa sababu ya kukaa. Chakula chao, mwani ule wa kijanikibichi, unahitaji magadi, na maji baridi yakizidi unapungua. Ndivyo ilivyotokea Nakuru pia. Wengi husema flamingo wa Nakuru wamekwisha. Wametawanyika kwenda maziwa mengine, na bado tegemeo lao la kuzaliana katika Afrika Mashariki ni ziwa moja, Natron, upande wa Tanzania. Anayesikitika kuwakosa Nakuru aelekeze wasiwasi wake Natron.

Maji yalipopanda, swali lililotusumbua kikosini lilikuwa la kazi hasa: kipande chetu ni kipi sasa? Mipaka iliandikwa zamani kwa alama za nchi kavu: kona ya uzio, pampu ya maji, mti fulani mkubwa. Uzio umezama. Pampu imehamishwa. Mti ni gogo katikati ya maji. Ufuo wa leo uko ndani ya shamba la mtu ambaye zamani hakuhitaji kuombwa ruhusa. Wapo waliosema tuhesabu palipo rahisi kufikika. Kiongozi wetu alikataa, nami nikamuunga mkono. Alichukua alama za setilaiti za mipaka ya zamani, akachora mistari kutoka mipaka hiyo hadi ufuo mpya, na tukaomba ruhusa shambani. Msimamizi wa shamba alitufungulia lango bila maneno mengi, na akamtuma kijana wake atuonyeshe njia isiyo na viboko. Kama tungehamia palipo rahisi, idadi ingebadilika, na asingepatikana mtu wa kusema ni ndege waliobadilika au ni sisi.

Kwangu mimi hapo ndipo uzito wa kazi ulipo. Siku moja ya hesabu, peke yake, ina thamani ndogo. Mvua ilinyesha wapi, boti gani ilipita kabla yenu, furukombe alikuwa na njaa au la, yote hayo yanatikisa namba. Lakini mahali palepale, mwezi uleule, kwa njia ileile, mwaka baada ya mwaka, mitikiso hiyo inaanza kufutana na mwelekeo unajitokeza. Mwaka 2000, Leon Bennun na Oliver Nasirwa walichapisha uchambuzi wa mwelekeo wa idadi ya ndege wa maji katika maziwa ya kusini mwa Bonde la Ufa, na msingi wake ulikuwa karatasi za hesabu kama zetu, zilizojazwa kwa penseli na watu waliokuwa na baridi. Naivasha yenyewe iliingia katika orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 1995. Mkataba huo, uliotiwa saini Iran mwaka 1971, una vigezo vinavyotegemea namba moja kwa moja: ardhioevu inayobeba mara kwa mara ndege wa maji 20,000 au zaidi, au asilimia 1 ya ndege wote wa jamii moja, ina hadhi ya kimataifa. Asilimia 1 hiyo haiwezi kujulikana bila mtu kuhesabu hapa na mwingine kuhesabu Ulaya, Januari hiyohiyo, yeye akiwa amesimama kwenye theluji.

Jioni vikosi vyote vilikutana chini ya miti, chai na maandazi mezani, uso wa kila mtu umeungua jua. Hii ni sehemu ya siku ambayo wageni huikwepa ili wawahi matatu, nami huwasihi wabaki. Kila kikosi kinasoma namba zake, na hapo ndipo zile dakika zinapofanya kazi. Sisi tulikuwa na mwari sitini na kitu walioruka kuelekea kaskazini-mashariki saa mbili na dakika arobaini. Kikosi cha upande wa Crescent Island kilikuwa na kundi la ukubwa huohuo lililoingia kutoka kusini-magharibi karibu saa tatu kasoro. Palikuwa na mjadala, si mkali ila mrefu. Ramani ikafunguliwa, kasi ya mwari angani ikakadiriwa, na mwishowe wakahesabiwa mara moja, upande wao. Kijana mmoja wa upande wetu alinung'unika kwamba jumla yetu imepungua. Mratibu alimsikiliza, kisha akamwonyesha jumla ya ziwa zima, ambayo sasa ilikuwa karibu zaidi na kweli.

Fomu zilikwenda Nairobi usiku huohuo. Nakala ya kipande chetu huwa naibandika darasani, na kidato cha tatu huchora grafu: kukuziwa kwa rangi moja, vitwitwi kwa nyingine, kina cha maji kwa ya tatu. Huwa siwaambii watafute nini. Safari hii msichana wa dawati la nyuma, ambaye familia yao ilihama Kihoto, aliona kabla ya wengine kwamba mstari wa vitwitwi unashuka pale mstari wa maji unapopanda. Akauliza walikwenda wapi. Tukafungua ramani, tukaanza kutafuta ni maziwa na mabwawa gani mengine ya jirani yenye kingo za tope, na ni yapi kati ya hayo yana mtu wa kuyahesabu. Machache sana. Yapo mabwawa ya mashamba, yapo maji ya mabondeni Nyandarua, yapo madimbwi yasiyo na jina kwenye karatasi yoyote.

Kwa hiyo kama unaishi pande hizi, kuanzia Gilgil hadi Ol Kalou, na unaweza kuamka mapema siku moja mwezi wa Januari, waulize waratibu mwezi wa Desemba kama kuna maji yaliyokosa kikosi. Si lazima uwajue ndege wote, kuna kazi ya kuandika na kuna mtu wa kukufundisha. Chukua sweta, kofia, na penseli mbili. Ukipewa bwawa dogo lisilo na ndege wa kusisimua, lipokee, na mwaka unaofuata omba hilohilo.